Kwa Baba, Mwalimu wa Kosa Moja kwa Siku

Mwaka umezunguka, Baba, na leo umetimia tangu asubuhi ile ya Jumanne tulipokukuta umelala ubavu, miwani ukiwa bado umeivaa, tukakuita na hukuitika.

Tunakuandikia mahali ambapo na wengine watasoma. Lipo jambo lako lililosemwa kwenye karatasi, na sisi watu wa nyumba yako hatutaki lijibiwe kwa minong'ono.

Nyumba bado imejaa vitu vyako. Chini ya kitanda kuna maboksi matatu ya viatu yenye vizibo vya soda ulivyoviosha na kuvipanga kwa rangi. Nyuma ya kabati la vyombo kuna saa kubwa ya karatasi ngumu, mishale yake umeikata kutoka kwenye kifuniko cha ndoo. Mama alizoea kukusema mbele ya wageni: "Mimi nimeolewa na mwokota makopo mwenye cheti." Nawe ulimjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye gundi: "Na mwokota makopo huyo ndiye aliyekuokota wewe."

Wageni walicheka. Mama alijifanya hakusikia, lakini hakutupa hata pakiti moja tupu ya chumvi, ya majani ya chai, wala ya sabuni. Alikuwekea zote. Mpaka leo anaziweka. Zimejaa rafu nzima, na hakuna wa kuja kuzichukua.

Zile pakiti ndizo zilizokuwa duka lako, kule darasa la nne, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha lisilofungika. Watoto walinunua na kuuza, wakadanganyana, wakashitakiana, na kabla hawajajua kinachoendelea walikuwa wanatoa na kujumlisha. Madawati uliyaondoa kwenye mistari ukayapanga yatazamane. Mtoto akitazama kisogo cha mwenzake mwaka mzima, ulisema, atahitimu kwenye somo la visogo.

Siku moja uliwatuma wapime korido kwa hatua zao. Mmoja akarudi na arobaini na mbili, mwingine na hamsini na tano, wakagombana nusura washikane mashati. Wewe ulikaa juu ya meza unatafuna karanga, ukingoja hadi mmoja wao aseme kwamba miguu haifanani. Ndipo ulipotoa rula. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuuliza kama kuna moto. Ukamwambia, "Upo, lakini usituzimie."

Lakini kilichokupa jina ni kosa. Kila siku uliandika ubaoni kosa moja, kwa uso mkavu kabisa, na hukusema litakuja saa ngapi. Mtoto aliyelikamata hakupigiwa makofi. Alikabidhiwa chaki. Akasimama mbele yeye, nawe ukaenda kukaa kwenye dawati lake, magoti yakigonga mbao, ukawa mwanafunzi mkaidi kuliko wote. "Kwa nini nisiandike hivyo? Nani kasema? Nionyeshe." Mtoto akaeleza, akachora, akaleta vizibo, mpaka ukubali. Watoto waliokuwa wanalala saa nne asubuhi wakaacha kulala, maana nani alale wakati mwalimu yuko tayari kukamatwa?

Wakakuita Mwalimu Makosa. Ulilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye cheti.

Na mchezo wako ulikuwa na sheria. Kosa moja kwa siku, basi. "Moja linawaamsha," ulisema, "mawili yanawapoteza." Kila jioni uliliandika kosa la kesho kwenye kona ya andalio la somo, kwa wino mwekundu, na herufi K mbele yake. Hukuwahi kuingia darasani bila K yako. Hata mimi nilipoanza kujifunza kutunga mashairi peke yangu, pale kwenye meza ya chakula, ulipita nyuma yangu ukihesabu kwa vidole. "Mstari wa tatu una mizani tisa, Malenga wa Jikoni. Umekusudia, au umeteleza?" Nikitaka ugomvi nasema nimekusudia. Ulinitazama tu, nami nikaenda kuusahihisha.

Miaka mitatu iliyopita mkaguzi alikuja. Alikaa nyuma ya darasa dakika ishirini na tano, akaandika, akaondoka kabla ya kengele. Wiki mbili baadaye ikaja barua: mwalimu huyu hana umahiri wa somo lake, asipewe tena kipindi cha hesabu. Mwalimu mkuu akakukabidhi funguo za stoo ya vitabu.

Miaka miwili, Baba, ulikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, chini ya balbu moja, ukiunga migongo ya vitabu kwa gundi. Ukuta wa stoo umepakana na darasa la tatu. Uliwasikia wakiimba jedwali la kuzidisha asubuhi mpaka mchana, na hukuwa na ruhusa ya kuingia.

Mimi nilitaka vita. Nilikwambia ukate rufaa, uwapelekee yale maandalio, uwaonyeshe K zako moja baada ya nyingine. Ulisema, "Alichokiona alikiona." Kila nilipokuuliza, jibu lilikuwa hilo hilo. Jioni moja jikoni nikapandisha sauti. Nilikwambia kwamba mtu aliyekubali kuitwa mjinga asishangae akiitwa mjinga. Nilikwambia ubaki na panya wako. Ulikuwa umeshika kikombe. Ulikiweka mezani taratibu, ukaenda kulala. Nikahama nyumbani wiki ile ile, na sikurudi mpaka Dada aliponipigia simu.

Dada ni muuguzi. Alikutilia shaka siku ulipomimina chai kwenye bakuli la sukari, kisha ukakaa unaitazama. Hospitali walisema ni uvimbe kwenye ubongo, na kwamba haukuanza jana, ulikuwa unakua polepole kwa miaka. Ulidumu miezi miwili na siku chache. Mwishoni uliniita kwa jina la mdogo wako, fundi cherehani, ukaniuliza suruali yako iko tayari lini. Nilikujibu kesho. Kila siku nilikujibu kesho. Sikupata siku ya kukuomba radhi ukiwa unajua mimi ni nani.

Siku ya mazishi niliusoma ubeti huu:

Baba ulishika chaki, nasi tukawa darasa,
Ukasema hatucheki, mwenzetu anapokosa,
Twakuita huitiki, na mlango tunagusa,
Jina lako halitoki, hata lipigwe msasa.

Ule mstari wa mwisho niliuamini. Wiki tatu baadaye shule ikaleta nyumbani boksi la vitu vyako, nami nikaona jinsi jina la mtu linavyoweza kutoka.

Ndani ya boksi kulikuwa na maandalio yako yote, kamba yako ya kupimia yenye fundo kila mita, na nakala ya ripoti ya mkaguzi ambayo hukuwahi kutuonyesha. Nilifungua kwanza andalio la siku ile. Kwenye kona, kwa wino mwekundu: K, nusu kujumlisha robo ni mbili ya sita. Nilipiga meza kwa furaha mpaka Mama akashtuka. Ushahidi ndio huo, kwa mwandiko wako, wa jioni kabla mkaguzi hajaja.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu na daftari la maandalio chini ya kwapa. Alilisoma, akavua miwani.

"Nilijua mchezo wake," akasema. "Wote tulijua."

"Na mkaguzi alipokuuliza?"

"Nilikuwa na miezi minne tu kwenye kiti hiki, kijana wangu. Nilisema nitafuatilia."

"Ukafuatilia?"

Alinionyesha dirishani chumba kipya kilichokuwa kinapigwa lipu ng'ambo ya uwanja. Kitakuwa chumba cha zana za kufundishia, akasema, na walimu wanataka kukiita kwa jina lako, maana nusu ya vitu vitakavyowekwa humo ulivitengeneza wewe. Lakini ofisi ya elimu haiwezi kukubali jina la mwalimu ambaye faili lake linasema hajui hesabu. "Andika barua," akasema. "Ambatanisha hili daftari. Mimi nitatia sahihi, ripoti itafutwa, na jina litapanda ukutani."

Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshinda kesi. Nikakaa kuandika. Na kwa kuwa mtu hajibu barua asiyoisoma vizuri, nikaisoma ripoti neno kwa neno.

"Mwalimu aliandika kuwa nusu kujumlisha robo ni mbili ya sita. Mwalimu aliandika kuwa saba mara nane ni hamsini na nne. Mara zote mbili alisahihishwa na wanafunzi."

Makosa mawili. Nikarudi kwenye andalio lako. Nikageuza ukurasa, nikauelekeza kwenye mwanga, nikaangalia nyuma yake. K ilikuwa moja.

Yuko msichana uliyempa jina la Wakili, kwa sababu hakukubali jibu bila ushahidi. Sasa yuko darasa la saba na amerefuka. Nilimngoja nje ya geti la shule.

"Unaikumbuka siku ya mkaguzi?"

"Kaka, nani asiikumbuke. Mimi nilishika chaki siku ile."

"Kwa ile ya nusu na robo?"

"Hiyo aliikamata mwenzangu mapema. Mimi ni ya saba mara nane. Nilinyoosha mkono nikasema, Mwalimu, leo umetoa mawili. Darasa zima likacheka."

"Na yeye?"

Alivuta mkanda wa begi lake. "Yeye hakucheka. Aligeuka akautazama ubao, akautazama muda mrefu. Kisha akanipa chaki, akaenda kukaa kwangu. Lakini siku hiyo hakuniuliza kitu. Alishika tu kichwa, hivi." Akanionyesha, kiganja kwenye paji la uso. Kisha akaniuliza, "Nilimkosea, kaka?"

Nilimwambia, "Hapana, ulifanya alichokufundisha." Alitikisa kichwa akaenda zake, na sidhani kama aliniamini.

Nilirudi kwa mwalimu mkuu nikamwambia kwamba barua haiandikiki, makosa ni mawili na K ni moja. Alivuta droo akatoa kalamu nyekundu, akaiweka juu ya daftari lako.

"Kona ya ukurasa ina nafasi," akasema. "Mstari mmoja tu. Mwandiko wako na wa baba yako ni mapacha, na hakuna atakayeuliza. Siku ile mimi nilinyamaza. Niache na mimi nifanye jambo."

Nilichukua kalamu. Anayesoma haya asidhani nilisitasita. Nilifika nyumbani, nikafungua daftari kwenye meza ile ile ya jikoni, nikafanya mazoezi ya herufi K yako kwenye kipande cha gazeti mpaka nikaipata, na ule mkia wake unaopinda. Nilijiambia kwamba uongo wa mstari mmoja dhidi ya dhuluma ya miaka miwili si uongo, ni kusawazisha mizani.

Mama akaingia na kapu la nguo za kupiga pasi.

"Unaandika nini kwenye daftari la marehemu?"

Nikamweleza yote. Aliweka kapu chini, akavuta kiti.

"Unajua kwa nini hakukata rufaa?"

"Aliogopa."

"Baba yako? Aliyekuja kunichumbia mbele ya kaka zangu wanne, na viatu vya kuazima?" Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. "Jioni ile alikuja akakaa hapo ulipokaa. Akaniambia, mke wangu, leo nimetoa mawili, na la pili silijui lilikotoka. Nimeliangalia ubaoni kama nimeandikiwa na mtu mwingine. Akaniapisha nisimwambie yeyote. Angetetea moja, wangemuuliza la pili. Hapo ama aseme uongo abaki na chaki, ama aseme kweli aitwe mgonjwa. Akanyamaza."

"Na wewe ukanyamaza naye? Mama, Dada angempeleka hospitali miaka miwili mapema."

"Najua."

"Miaka miwili."

"Nimesema najua, mwanangu. Hilo ni langu. Ninaamka nalo na ninalala nalo, usiniongezee." Alilivuta daftari akalifunga, mkono wake ukabaki juu ya jalada. "Alikaa stoo miaka miwili ili asiseme uongo mmoja. Wewe unataka kumsemea kwa dakika moja, na yeye hawezi kukukataza."

Dada alipoambiwa, hakusema na Mama siku nne. Siku ya tano alikuja na ile ripoti mkononi, akaweka kidole kwenye ile saba mara nane, akasema, "Ugonjwa ulianzia hapa." Kisha akamshika Mama wakalia wote wawili, nami nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa sina nafasi katika kilio kile. Mimi nilikuita mjinga, kisha mwoga, Baba. Ulikuwa umebeba kichwani kitu kinachokula hesabu zako moja moja, unakijua, na bado ulisema alichokiona alikiona, kwa kuwa hiyo ndiyo kweli. Nilijiona nina ulimi wa moto, kumbe nilikuwa na ulimi tu.

Kalamu nilimrudishia mwalimu mkuu. Alisema, "Basi tena." Barua haikuandikwa. Chumba kile kimefunguliwa mwezi uliopita, na juu ya mlango pameandikwa Chumba cha Zana, kwa rangi ya bluu. Saa zako za karatasi zimo ndani, na mizani uliyoitengeneza kwa vifuniko, na ramani ya korido waliyochora watoto kwa hatua zao. Jina lako halimo. Faili lako katika ofisi ya elimu linaendelea kusema kwamba huna umahiri wa somo lako, na litaendelea kusema hivyo hata sisi tutakapokuwa tumekufa.

Mama ameturuhusu kuyaeleza haya hadharani, na amelisoma kila neno. Basi anayetaka kujua, na ajue kutoka kwetu. Mkaguzi hakusingizia. Siku ile yalikuwapo makosa mawili ubaoni. Moja ulilileta wewe kwa ajili ya watoto, la pili lililetwa na ugonjwa. Watoto wa miaka kumi waliyakamata yote mawili, mbele ya mgeni mwenye kalamu, na hakuna aliyetetemeka. Mkaguzi aliliandika hilo kama aibu yako. Sisi tunaliandika hapa kwa sababu hatujui mwalimu mwingine ambaye angelipata hilo kwa watoto wake.

Nami, kwa neno nililokwambia ukiwa umeshika kikombe, sina cha kufutia. Limebaki.

Unakumbukwa na mke wako, ambaye bado anaweka pakiti tupu. Na binti yako muuguzi pamoja na mume wake. Na mimi, mwanao. Na mdogo wako fundi cherehani, anayesema suruali yako iliisha na iko kwake, hajui ampe nani. Na wajukuu wako wawili, na wa tatu aliyezaliwa mwezi mmoja baada ya kifo chako. Wakili ameomba awekwe pamoja nasi. Si wa damu, lakini tumemweka.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, kama ulivyokuwa, bila kukuongezea kitu.